Maswali ya Wasomaji: Asubuhi za Vita na Mtoto Mwenye Usonji

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu ana umri wa miaka 5, na mwaka jana tuliambiwa kuwa ana usonji (autism kwa Kiingereza). Asubuhi zetu ni vita vitupu. Shati hulivua kila ninapomvika, mswaki huutema, na tukipita njia tofauti na ya jana hujitupa chini akapiga kelele mpaka sauti inamkauka. Kumnyoa nywele ndio mtihani mkubwa kuliko yote. Maneno anayo, lakini mengi ni ya kukariri. Anaweza kutoa taarifa nzima ya redio kwa sauti ya mtangazaji, ilhali hawezi kuniambia kuwa ana njaa. Mama mkwe wangu anasema nimemdekeza na kwamba fimbo mbili zingemnyoosha. Mume wangu hunyamaza tu. Nilikosea wapi, na nifanye nini? (Mama aliyechoka)

JIBU: Dada yangu, nianze na hilo la kukosea, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Hukukosea. Usonji unatokana na namna ubongo unavyokua tangu kabla ya mtoto kuzaliwa, na urithi una sehemu kubwa ndani yake. Mwaka 1977 watafiti Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha, wakaona kuwa mapacha wa kufanana huwa na hali hii kwa pamoja mara nyingi zaidi kuliko mapacha wasiofanana. Kabla ya hapo lawama ziliwaangukia wazazi. Daktari wa akili aitwaye Leo Kanner, aliyeeleza habari za watoto 11 wenye hali hii katika makala yake ya mwaka 1943, aligusia ubaridi wa wazazi wao, na wengine waliomfuata wakaligeuza neno hilo kuwa mashtaka dhidi ya akina mama, mpaka mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alipoyapinga katika kitabu chake cha mwaka 1964. Zamani mama alishtakiwa kwa kukosa upendo, na leo wewe unashtakiwa kwa kuuzidisha. Ukiyasikiliza yote hayo hutapata pa kusimama, kwa hiyo tuyaache, tuje kwenye shati.

Mtoto anayevua shati kila anapovikwa anakueleza jambo kuhusu shati hilo. Watoto wengi wenye usonji hupokea mguso, sauti, mwanga na harufu kwa nguvu isiyo ya kawaida, hivyo lebo iliyoshonwa shingoni, ambayo mimi na wewe tunaisahau baada ya dakika moja, kwake inaweza kukwaruza mchana kutwa. Ikate lebo hiyo, nguo mpya zifue mara kadhaa kabla hajazivaa, na akipata shati analolivumilia tafuta jingine la namna hiyohiyo badala ya kulazimisha aina nyingine. Kuhusu mswaki, chunguza kama kinachomkera ni nywele ngumu za mswaki wenyewe, ladha ya dawa au povu. Jaribu mswaki laini na maji matupu kwanza, kisha ongeza dawa kidogo kidogo siku zinavyokwenda. Hapo hujamdekeza. Umeondoa mwiba kabla ya kumwambia mtu atembee.

Lile la njia iliyobadilika lina chimbuko jingine. Mtoto asiyeweza kukisia kitakachofuata hushikilia utaratibu kama mtu anayeshika ukuta gizani, na ukuta ukisogezwa ghafla huogopa. Chora au piga picha ya kila hatua ya asubuhi, yaani kuamka, choo, kuoga, nguo, chakula, viatu na mlango, uzipange ukutani kwa mstari, na yeye mwenyewe aigeuze kila picha hatua inapokwisha. Mwambie kwa maneno machache yasiyobadilika: kwanza viatu, kisha nje. Siku mnayolazimika kupita njia nyingine, mwonyeshe picha ya njia hiyo kabla ya kutoka nyumbani, si mkiwa tayari njiani.

Kunyoa nywele kunastahili subira ya wiki kadhaa, kwa kuwa mambo mengi humjia kwa wakati mmoja: mngurumo wa mashine karibu na sikio, mtetemo kichwani, vinywele vinavyochoma shingoni, na mkono asiouona unaotoka nyuma. Yatenganishe. Wiki ya kwanza aichezee mashine ikiwa imezimwa. Baadaye iwashwe chumba kingine huku mlango ukiwa wazi, kisha isogezwe karibu, kisha mgongo wa mashine uguse mkono wako na, akikubali, mkono wa mtoto. Siku ya kunyoa yenyewe mketishe mbele ya kioo ili auone mkono unakotoka, hesabu kwa sauti mpaka 10, usimame ulipoahidi kusimama hata kama upande mmoja umebaki, kisha umwogeshe palepale. Kichwa kilichonyolewa nusu kwa siku mbili hakijamdhuru mtu yeyote. Mkasi, kwa wengine, huondoa nusu ya shida.

Sasa niseme juu ya fimbo, na hapa sina njia ya katikati. Mtoto anayelilia kitu anachokitaka kwa kawaida huchungulia kama anaonekana, na hunyamaza akikipata. Mtoto aliyezidiwa hachungulii mtu, na hata ukimpa anachokipenda haoni. Mwili wake umejaa kelele, nawe ukimpiga unaongeza kelele nyingine juu yake. Anachohitaji wakati huo ni maneno machache, mwanga mdogo, watu wachache, na wewe ukiwa karibu kuhakikisha haumii. Mafundisho yasubiri kesho. Kwa wiki mbili andika katika daftari kilichotangulia kila kishindo: saa ngapi, mahali gani, sauti gani, alikuwa amelala na kula vipi. Mara nyingi daftari hilo hufichua jambo ambalo hakuna mtu nyumbani aliyeliona. Na tabia ikibadilika ghafla, mtoto aliyekuwa akilala sasa halali, au ameanza kujigonga kichwa, mpeleke akaguliwe masikio, meno na tumbo kwanza, maana asiyeweza kusema “naumwa” husema kwa mwili.

Kuhusu taarifa za redio, zisikupe huzuni. Kurudia maneno ni njia ya watoto wengi wenye usonji ya kuingia katika lugha, wakichukua sentensi nzima pale wengine wanapochukua neno mojamoja. Mtoto anayesema “Unataka maji?” akimaanisha kwamba yeye ndiye mwenye kiu ameichukua sentensi kama alivyoisikia kwako. Kwa hiyo mpe sentensi inayomfaa yeye: shika kikombe, sema “Nataka maji” kwa niaba yake, umpe mara moja. Sikiliza pia ni wakati gani anatoa taarifa ya habari. Mtoto mmoja niliyemfundisha aliitangaza hali ya hewa kila alipotaka kutoka nje, na ilituchukua miezi kumwelewa.

Mama mkwe hutamshinda kwa hoja. Mpe kazi: awe yeye wa kugeuza picha za ukutani na mjukuu wake siku anapokuja, aone mwenyewe kinachotokea. Na kuhusu mumeo, mtu anyamazaye mara nyingi hajui aanzie wapi. Mkabidhi mashine ya kunyolea na hatua zote nilizozitaja, iwe kazi yake tangu mwanzo hadi mwisho, nawe utoke chumbani.

SWALI: Mwanangu wa miaka 4 ana usonji na haitiki jina lake. Mara mbili ametoka nyumbani bila sisi kujua, na mara zote mbili tulimkuta ukingoni mwa maji. Je, nimfungie ndani? (Baba mwenye hofu)

JIBU: Ndugu yangu, hofu yako ina msingi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wenye usonji waliochunguzwa walikuwa wamejaribu kutoroka angalau mara moja baada ya kufikisha miaka 4, na kuzama majini ni miongoni mwa hatari kubwa zinazowakabili. Weka komeo juu asikofika, ambalo mtu mzima hulifungua kwa urahisi hata moto ukitokea, na kengele mlangoni. Mvishe bangili yenye namba yako ya simu. Waonyeshe majirani picha yake, uwaeleze kwamba hatajibu akiitwa, na mkubaliane kuwa akipotea tena watu wa kwanza wakimbilie kwenye maji, hata kama wengine wanasema wamemwona upande mwingine. Mfundishe kuogelea mapema uwezavyo. Kisha umpe maji kwa idhini: ikiwa anayafuata kila mara, saa maalumu ya kucheza nayo pamoja nawe kila siku, iliyochorwa kwenye ratiba yake, hupunguza haja ya kuyatafuta peke yake.

SWALI: Namlea mjukuu wangu asiyesema. Mwalimu wake ametupa kadi za picha za kuombea vitu, lakini watu wananiambia zitaua ulimi wake kabisa. (Bibi)

JIBU: Shikamoo Bibi. Endelea nazo. Mfumo wa kubadilishana picha ulianzishwa mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost huko Marekani, na tafiti zilizofanywa tangu wakati huo hazikuonyesha kuwa picha humzuia mtoto kusema. Baadhi ya watoto huongeza maneno wanapoona kwamba kuomba kunaleta jibu. Sharti lake ni moja tu, nalo huvunjwa na watu wengi: kadi zikae mahali anapozifikia mwenyewe, hata usiku, na anapokuletea kadi ya kitu ambacho hakipo, usiifiche, bali mpe kadi nyingine yenye alama ya kuonyesha kwamba kimekwisha.