Ukuta wa moto wa Linux kwa mtandao mdogo: sheria chache zinatosha

Mkuu, umeuliza kama kompyuta yako ya zamani yenye kadi mbili za mtandao inaweza kukaa kati ya intaneti na mashine zako tano, na kama zile sheria mia mbili ulizonakili ni za lazima. Inaweza. Hizo sheria zifute. Nami nilianza hivyo hivyo, na kitu kilipogoma sikujua ni mstari upi unaonibania.

Kwanza jua pakiti (kipande cha data) inapita wapi. Inayoilenga ruta yenyewe, yaani hiyo kompyuta yako ya zamani, huingia mnyororo (orodha ya sheria) wa input. Inayopita tu, kutoka mashine ya ndani kwenda nje au kurudi, haigusi input kabisa, inapitia forward. Niliwahi kukesha nikijaribu kuizuia mashine moja isitoke nje; sheria nimeiweka input, yenyewe inaendelea kupakua kana kwamba sipo.

Tumia nftables, chombo cha Linux cha kuandika sheria hizi. Imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 3.13, mwaka 2014, na jedwali moja la inet linabeba IPv4 na IPv6. Enzi za iptables, mtangulizi wake, uliandika mara mbili, na wengi wetu tulisahau upande wa IPv6 ukabaki wazi.

Tuseme eth0 ni ya nje, eth1 ya ndani. Forward yangu nzima ni hii:

type filter hook forward priority 0; policy drop;
ct state established,related accept
iifname "eth1" oifname "eth0" accept

Basi. Wa kwanza unafunga kila kitu, wa pili unarudisha majibu ya mazungumzo yaliyokwisha ruhusiwa, wa tatu unawapa wa ndani ruhusa ya kutoka. Input nayo ni hivyo hivyo: ruhusu lo (ruta ikiongea na nafsi yake), majibu, SSH (kuingia kwa mbali) kutoka eth1 pekee, na DHCP (kugawa anwani) na DNS (kutafsiri majina) kama ruta ndiyo inayozitoa. ICMPv6, ujumbe wa uendeshaji wa IPv6, usiifunge yote, maana bila hiyo mashine za IPv6 hazipatani hata zikiwa kwenye waya mmoja.

Bado kuna masquerade (mashine za ndani kuonekana nje kwa anwani ya ruta) kwenye mnyororo wa postrouting kwa pakiti zinazotoka nje kupitia eth0, na net.ipv4.ip_forward=1, swichi inayoiruhusu Linux kupitisha pakiti. Akija mtu kulalamika kwamba sheria ziko sawa ila intaneti hakuna, hii ya mwisho ndiyo namuuliza kwanza.

Ukitaka seva ya ndani ifikiwe kutoka nje, dnat (kubadilisha anwani pakiti inakokwenda) peke yake haitoshi. Iruhusu na kwenye forward. Hapo andika anwani ya ndani, kwa sababu pakiti ikifika forward anwani imeshabadilishwa.

Sasa kujifungia nje. Niliwahi kuweka policy drop kwenye seva ya mbali kabla ya kuruhusu SSH. Skrini ikaganda, nami nikaganda. Siku hizi nakagua kwa nft -c -f (inanasa makosa ya uandishi, si ya akili), halafu kabla ya kuwasha:

echo "nft flush ruleset" | at now + 5 minutes

Nikiona bado naingia, naifuta kazi hiyo kwa atrm. Nikikwama, nasubiri dakika tano.

Kwenye Debian sheria ziandike /etc/nftables.conf, kisha systemctl enable nftables. Ip_forward nayo iende /etc/sysctl.d. Halafu ruta izime na kuiwasha ukiwa umekaa mbele yake.