Goti Lililosagika na Safari ya Assisi: Mama Ataweza?

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 72. Goti lake la kulia limesagika, anatembea na fimbo, na akienda kama mita 200 kwenye njia tambarare hana budi kuketi. Ngazi chache huzipanda akishikwa mkono. Kwa miaka mingi ametamani kuhiji Assisi, mji wa Mtakatifu Fransisko nchini Italia, nasi tungependa tufike pia Orvieto na Siena, tukiwa na siku sita kwa jumla. Tumeambiwa kwamba miji hiyo ipo juu ya vilima na mwenye magoti mabovu asijisumbue. Wengine wanasema tupande basi hadi juu, kisha tushuke kwa miguu taratibu. Tushike lipi? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Mama aende. Nimekuwa nikipanga safari za mahujaji wazee kwa muda mrefu, na hali unayoieleza haimzuii mtu kufika Assisi, ila inambadilishia njia ya kufika. Ushauri wa kwanza mliopewa unamnyima haki yake bure, na wa pili unaweza kumharibia safari siku ya kwanza.

Watu hudhani kupanda ndiko kunakoumiza goti, kwa kuwa anayepanda huhema na kutoka jasho. Kwa goti lililosagika, mara nyingi kushuka ndiko kuzito zaidi. Katika kila hatua ya kuteremka msuli wa paja hulazimika kuuzuia mwili usiende mbele huku goti likiwa limekunjika, na uzito hukandamiza pale pale ambapo gegedu limelika. Wazee niliowaona wakishuka kwa miguu kwa kuamini kwamba wanapumzika ndio walioamka kesho yake goti likiwa limevimba. Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba mama apelekwe kwa gari hadi mlangoni na achukuliwe kwa gari mlangoni, kwenda na kurudi.

Kanuni hiyo inabadilisha pia swali mnalopaswa kuwauliza wenyeji. Mkiuliza kanisa lipo mbali kiasi gani mtajibiwa mita 300, na jibu hilo halitawasaidia. Ulizeni tofauti ya kimo kati ya mahali mnaposhushwa na mahali mnapokwenda. Njia yenye mwinuko wa asilimia 8 humpandisha mtu mita 8 katika kila mita 100, na hizo ni sawa na ngazi 50 zenye kimo cha sentimita 16 kila moja. Kanuni za ujenzi za Italia za mwaka 1989 zinaichukulia asilimia hiyo 8 kuwa ukomo wa mteremko wa njia ya kiti cha magurudumu katika majengo mapya, ilhali vichochoro vya zama za kati vilijengwa kwa ajili ya watu na nyumbu na huvuka kiwango hicho mara kwa mara.

Sasa Assisi yenyewe. Stesheni ya treni haipo mjini bali bondeni, katika kitongoji cha Santa Maria degli Angeli, na hapo ndipo ninapowashauri mlale. Ni mahali tambarare, na basilika yake kubwa imeifunika Porziuncola, kile kikanisa kidogo cha Mtakatifu Fransisko, pamoja na mahali alipofia jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226. Mama ataweza kuingia humo asubuhi na jioni bila kumtegemea mtu, na kwa mwenye hija moyoni jambo hilo lina uzito kuliko dirisha la hoteli linalotazama bonde.

Kupanda mjini, tumieni teksi hadi Porta San Francesco, lango lililo karibu kabisa na Basilika ya Mtakatifu Fransisko. Basilika hiyo, iliyoanza kujengwa mwaka 1228, ni makanisa mawili yaliyobebana, la chini na la juu, na kati yake kuna ngazi. Anzeni na la chini. Kaburi lipo chini zaidi, na ngazi za kulifikia ndizo ngazi ambazo mama anapaswa kuwa amezitunzia nguvu zake siku hiyo. Msimchoshe kwa jambo jingine lolote kabla ya hapo. Mtaa wa Via San Francesco, unaotoka basilika kwenda uwanja mkuu wa mji, ni mwinuko mrefu uliojificha nyuma ya maduka. Msiutembee, chukueni gari.

Wengi hutaka pia kufika San Damiano, mahali ambapo Fransisko alisikia msalaba ukisema naye. Kanisa hilo lipo nje ya kuta, chini ya mteremko mkali. Lakini msalaba wenyewe haupo huko tena: umetundikwa katika Basilika ya Mtakatifu Klara, ndani ya mji, ambayo ina uwanja mpana mbele yake na si mbali na kituo cha basi cha Porta Nuova. Kwa mama yenu ningeiacha San Damiano bila majuto na kumkalisha mbele ya msalaba huo kwa saa nzima.

Orvieto itawashangaza, kwa kuwa ukiitazama kutoka bondeni inatisha kuliko Assisi, nayo ni rahisi zaidi. Mji umekaa juu ya mwamba wa tufo, yaani jiwe la majivu ya volkano, wenye kingo zilizosimama wima, lakini juu yake si pa milima. Mbele ya stesheni kuna funicolare, yaani behewa linalovutwa kwa kamba ya chuma juu ya reli. Mnapanda nayo hadi Piazza Cahen, na kutoka hapo basi dogo huwafikisha kwenye uwanja wa Kanisa Kuu, lililoanzwa mwaka 1290. Kitu kimoja tu cha kukataa ni Kisima cha Mtakatifu Patrisi karibu na Piazza Cahen, chenye ngazi 248 za kuteremka na nyingine 248 za kurudi.

Siena ni ngumu, na kwa siku sita ningeipa nusu siku. Hata uwanja wake maarufu wa Campo umeinama kama kombe la pwani. Mfikisheni mama katika Basilika ya San Domenico, inapohifadhiwa masalia ya kichwa cha Mtakatifu Katarina, kwa sababu ipo upande ambao mabasi hufika. Nyumba ya mtakatifu huyo ipo chini kidogo, kwenye mteremko wa Fontebranda, na huko nendeni ninyi mlio na magoti mazima.

Kuhusu malazi, neno moja la Kiitaliano huwaponza wageni: piano rialzato. Mwenye nyumba atawaambia kwamba chumba hakipo ghorofani, naye hasemi uongo, ila sakafu hiyo imeinuliwa na mara nyingi mna ngazi tano au zaidi kabla ya mlango, na kabla ya lifti pia. Ombeni picha ya lango la barabarani na ya bafu, kisha mwombe bafu lisilo na kizingiti. Mkikodi gari, jueni kwamba katikati ya miji hii ni eneo lenye kizuizi cha magari, ZTL, linalolindwa na kamera; hoteli iliyomo ndani huweza kuandikisha namba ya gari lenu, lakini iombeni kabla ya kuingia, si baada.

Kwenye ndege, arifuni shirika angalau saa 48 kabla. Msiseme tu "kiti cha magurudumu", bali tajeni msimbo ambao mashirika ya ndege hutumia. WCHR ni kwa anayeweza kupanda ngazi za ndege ila hawezi mwendo mrefu, na WCHS ni kwa asiyeweza ngazi hizo. Kwa mama ningeomba WCHS, kwa sababu baada ya saa nyingi za kukaa goti huwa limekaza. Bima ya viza ya Schengen, yaani viza ya kuingia Italia na nchi nyingine nyingi za Ulaya, isiyopungua euro 30,000, mara nyingi huacha nje maradhi ya zamani. Litajeni goti hilo wakati wa kuinunua.

Kabla ya kulipia chochote, mpelekeni mama kwenye mteremko wowote hapo Moshi, mpime mita 100, kisha apande na kushuka na fimbo yake huku mkihesabu mara anazosimama. Rudieni siku ya pili, maana hali ya goti lililofanya kazi jana yake ndiyo itakayotuambia kama tuweke siku moja ya mapumziko kati ya Assisi na Orvieto au mbili. Niandikieni hesabu hizo mbili.