Mwanangu, hiyo 13 isikutishe

Ng'ong'ona, Dodoma

Mwanangu Neema,

Mbukwa. Ujumbe wako niliusoma jana usiku nikishafunga kibanda. Unauliza, kwa hizi D mbili na E moja za kidato cha sita, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), chuo cha serikali watakuchukua kweli au ubaki kumsaidia mjomba dukani? Mjomba wako ni mtu mwema, na duka lake hapo Singida halikimbii. Liache kwanza.

Najua kilichokutisha ni ile daraja la tatu, pointi 13. Hata mimi ilinikosesha usingizi, mpaka kijana mmoja wa mwaka wa tatu, mteja wangu wa chapati, alipochana kipande cha boksi la sabuni akanipigia hesabu mezani. Baraza la Mitihani wanahesabu kama deni: D ni 4, E ni 5, jumla yako 13, na mwenye kidogo ndiye aliyefaulu zaidi. Kwenye vyuo hesabu inageuka: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na mwenye nyingi ndiye bora. Tume ya Vyuo Vikuu wanataka angalau pointi 4 kwenye masomo mawili yanayohusika na kozi unayoomba. Historia D, Jiografia D: mbili na mbili, nne. Umeugusa mstari kwa ncha ya kidole, lakini umeugusa.

Rudia kusoma hapo nilipoandika "yanayohusika". Kiingereza chako ni E. Ukiomba ualimu wa Kiingereza na Historia una 3, na maombi yako hayaendi popote. Ukiomba ualimu wa Historia na Jiografia una 4. Cheti ni kilekile!

Halafu kuwa na sifa za kuomba na kuchaguliwa ni mambo mawili. Kozi ikiombwa na wengi kuliko nafasi zake, wanaanza kuchukua wa juu, na wewe umesimama mwisho wa foleni. Kwa hiyo ile kozi ya sheria ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo baba yako anaitaja kila jioni, mwachie yeye. Hapa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ninavyowasikia wanaokula kwangu, wanaosoma ualimu ni wengi mno, yaani wanachukua wengi. Weka hapo. Weka na chuo cha ualimu cha Mkwawa kule Iringa. Chuo cha Mipango nacho usikidharau kwa sababu tu hakiitwi chuo kikuu. Ni cha serikali na digrii wanatoa. (Mwaka 2007 UDOM ilipoanza, walikuwepo watu mjini walioicheka eti chuo cha porini.)

Siku hizi unaomba chuo kimoja kimoja, na majina yanatoka kwa awamu. Mtoto wa jirani yetu alichaguliwa vyuo viwili, tukala pilau. Kumbe aliyechaguliwa zaidi ya kimoja lazima athibitishe anakwenda wapi, kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu, na siku zikipita nafasi inakwenda. Yeye laini aliyojazia fomu alikuwa ameshamgawia mdogo wake. Alikuja kunisimulia amekaa kwenye ndoo ya maji, hanitazami usoni. Wewe laini yako usiitoe kwa mtu mpaka Novemba.

Ukikosa awamu zote, kuna stashahada, miaka miwili. Ukimaliza na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 au zaidi unaomba digrii kwa hiyo, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, ambao unao. Utachelewa, ndiyo. Mimi nilianza kusoma kwa miwani nikiwa na miaka 41, sembuse wewe.

Mkopo tutaomba, ila si kila anayeomba anapata, kwa hiyo naweka kidogo kidogo. Cheti chako cha kuzaliwa nimeshaombea uhakiki RITA, wale wanaosajili vizazi, maana Bodi ya Mikopo hawakipokei bila hivyo. Nitumie namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, iandike taratibu, usikosee tarakimu.

Ijumaa ukishuka kwenye basi pitia kibandani kabla ya nyumbani. Yule kijana huja saa nne kunywa chai, na kile kipande cha boksi bado ninacho, nimekichomeka nyuma ya kalenda.

Mama yako