Kila tuta nadhani nimegonga mtu

SWALI: Nabeba abiria kwa bodaboda kutoka Kaptembwo hadi mjini Nakuru. Tangu Januari, kila nikivuka tuta au shimo, wazo linanijia kwamba nimegonga mtoto. Narudi kuangalia mara tatu, mara nne, nakagua tairi kama lina damu. Usiku namuuliza mke wangu kama redio imetangaza ajali. Wateja wameanza kunikimbia. Je, nimekuwa hatari kwa watu?

JIBU: Ndugu msomaji, utuwie radhi: hatutakuambia kama uligonga mtu au hukugonga. Neno "hukugonga" lingekutuliza saa moja, kisha tuta linalofuata likudai jibu jipya.

Unayoeleza yanafanana na ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kujirudia, ingawa wa kuthibitisha ni daktari. Mwenye ugonjwa huu huliogopa wazo, hatamani tendo. Mawazo ya namna hiyo huwapitia hata watu wazima wa afya, nao huyaacha yapite. Wewe unageuza pikipiki. Ukikuta barabara tupu moyo unashuka, na ubongo unajifunza kwamba kilichokuokoa ni kule kurudi. Tena kadiri unavyokagua, ndivyo unavyozidi kutoiamini kumbukumbu yako.

Tiba yenyewe ni kukabili hofu bila kufanya kile kitendo cha kujituliza. Pamoja na mtaalamu, andika hali zinazokutisha na uzipe alama za hofu, 0 hadi 100. Tuta dogo asubuhi bila abiria huenda likawa 30. Kupita karibu na shule watoto wakitoka, 90. Anza na ya chini. Vuka, tumia vioo kama dereva yeyote, usigeuke. Jiambie: "Huenda nimegonga, huenda sikugonga, sirudi." Hofu itapanda. Iache bila kupigana nayo, hata ikichukua nusu saa. Rudia kila siku kabla ya kupanda hadi hali yenye alama ya juu zaidi.

Wengi hukwama hapa: wanaacha kugeuka, lakini wanairudia safari kichwani tuta kwa tuta, au wanamsoma abiria usoni. Huko nako ni kukagua. Mkeo naye mkubaliane ajibu tu, "Hilo ni swali la ugonjwa, silijibu," kwa upole. Wiki ya kwanza mtakosana kidogo.

Kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya kaunti ndipo pa kuanzia. Daktari anaweza kukuandikia dawa kama fluoksetini. Kwa kawaida huanza na miligramu 20 kwa siku, na ugonjwa huu mara nyingi huhitaji kipimo kikubwa kuliko cha sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa. Nafuu hupimwa baada ya wiki 8 hadi 12, kwa hiyo usiitupe wiki ya tatu ukidhani haifanyi kazi, wala usiikatize ghafla.

Ila ukisikia sauti zikikuamuru, ukitamani kweli kumuumiza mtu, au ukifikiria kujiua, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na mtu akusindikize.