Ugomvi wa Poland na Urusi una ardhi yake

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama uadui wa mataifa jirani unarithiwa kwa damu, na mmetoa mfano wa Wapolandi na Warusi. Jibu langu ni hapana. Wamepigana kweli, tena kwa karne nyingi, lakini hebu tazameni walikuwa wakigombania wapi. Mara nyingi ni Smolensk, Polotsk, Kiev, Vilnius, Lviv: miji iliyo katikati yao, yenye watu ambao wengi wao leo tunawaita Waukraine, Wabelarusi na Walithuania. Hao hawakuulizwa.

Tatizo ni kwamba historia hii tumeipata kipande. Darasani Poland inaingia tarehe 1 Septemba 1939 Hitler anapoivamia, halafu inatoweka. Basi tunabaki na picha ya nchi inayoonewa siku zote. Mwaka 1610 haikuwa hivyo hata kidogo. Poland na Lithuania zilikuwa zimeungana tangu 1569 kuwa dola kubwa mno, na aliyekuwa taabani ni Mrusi: ukoo wa kifalme umekatika, njaa kali imepita, na matapeli wanajitokeza wakidai kuwa ni mwana wa mfalme aliyekufa zamani. Mmoja wao aliingia Moscow 1605 kwa msaada wa wakubwa wa Poland, akatawazwa, na mwaka uliofuata akauawa.

Tarehe 4 Julai 1610, pale Klushino, jemadari wa Poland, Stanisław Żółkiewski, aliwasambaratisha Warusi na mamluki wao waliomzidi idadi mara kadhaa, yeye akiwa na watu wasiofika 7,000. Wapolandi wakaingia Kremlin, ngome ya kifalme ya Moscow. Żółkiewski hakuwa mtu wa papara: alikubaliana na mabwana wa Moscow kwamba Władysław, mtoto wa mfalme wa Poland, kijana wa miaka 15, ndiye awe Tsar, yaani mfalme wa Urusi. Lakini baba mtu, Zygmunt III, akakitaka kiti kile mwenyewe, naye alikuwa Mkatoliki wa kupindukia mbele ya watu Waorthodoksi. Kwa maoni yangu tamaa ile iliigharimu Poland kuliko vita vingi ilivyoshindwa. Tsar aliyepinduliwa, Vasili Shuisky, alipelekwa Warszawa 1611 akainamishwa mbele ya mfalme na bunge zima. Mwaka uliofuata akafia kifungoni.

Huku nyuma kikosi cha Poland kikazingirwa ndani ya Kremlin. Walikula farasi, wakaja kwenye mbwa na paka, wakatafuna ngozi za matandiko, na mwisho wakala maiti. Walisalimu amri vuli ya 1612, na miezi michache baadaye Warusi wakamchagua Romanov wa kwanza, ambaye ukoo wake ulitawala hadi 1917. Tangu 2005 Urusi ina sikukuu ya taifa kila tarehe 4 Novemba kukumbuka Wapolandi walivyotimuliwa Moscow. Kwa Mrusi, basi, mvamizi wa hadithi hii ni Mpolandi.

Sasa mwulize Mpolandi kuhusu tarehe hiyohiyo. Tarehe 4 Novemba 1794 jeshi la Urusi chini ya jemadari Suvorov liliingia Praga, mtaa wa Warszawa ulio ng'ambo ya mto Vistula, likaua raia kwa maelfu. Mizani ilikuwa imeshageuka. Urusi, Prussia (ufalme wa Kijerumani) na Austria zilikuwa zimeimega Poland 1772, na Urusi na Prussia zikaimega tena 1793, ndipo Tadeusz Kościuszko, aliyewahi kupigania uhuru wa Marekani, akaongoza uasi. Pale Racławice wakulima walikuja na visu virefu vya kukatia nafaka, wamevifunga upya kwenye mpini ili makali yasimame kama mkuki, wakaikimbilia mizinga. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, Bartosz Głowacki, aliuzima utambi wa mzinga kwa kofia yake kabla haujalipuka. Siku ile walishinda. Mwaka uliofuata Poland ikafutwa kwenye ramani, na ikakaa hivyo miaka 123. Maasi ya 1830 na 1863 nayapita haraka: yote yaliishia kwenye vitanzi na safari za Siberia.

Iliporudi mwaka 1918, ilichukua muda gani kabla ya kurudia mambo yaleyale? Miezi tu. Mei 1920 kiongozi wake, Józef Piłsudski, alikuwa ameshaingia Kiev, akishirikiana na Waukraine wa Symon Petliura, waliotaka Ukraine huru. Agosti Jeshi Jekundu, la Wasovieti waliokuwa sasa wakiitawala Urusi, liko mlangoni Warszawa. Wapolandi wakachomoza kutoka kusini, kwenye mto Wieprz, wakalipiga ubavuni, likarudi mbio. Wao wanauita Muujiza wa Vistula. Mimi nawapa sifa zaidi vijana waliokuwa wakifumbua ujumbe wa siri wa adui. Lakini tazameni mapatano ya Riga ya Machi 1921: Poland na Wasovieti waligawana Ukraine na Belarus, na Petliura, rafiki wa jana, akaachwa kwenye mataa.

Stalin alikuwa katika vita hivyo, na tarehe 17 Septemba 1939, kwa makubaliano na Hitler, alirudi kuchukua ardhi ileile. Masika ya 1940 polisi wake wa siri waliwapiga risasi wafungwa wa Kipolandi wapatao 22,000, wengi wao maofisa, baadhi yao katika msitu wa Katyn. Moscow ilikana hadi Aprili 1990. Zaidi ya watu 300,000 walitolewa majumbani na kusombwa kwa mabehewa hadi Siberia na Kazakhstan.

Hapa ndipo hadithi inapofika kwetu. Hitler alipomgeuka Stalin mwaka 1941, sehemu ya watu hao waliachiwa, wakatoka na jeshi la Kipolandi la Jenerali Anders kupitia Iran. Wanaume wakaenda vitani. Wanawake, watoto na wazee wakaletwa makambini katika makoloni ya Mwingereza: Masindi na Koja kule Uganda, na Tengeru hapa Arusha, ambako walifika karibu 5,000. Wengi hawakuweza kurudi kwao hata vita vilipokwisha, maana "kwao" kulikuwa kumeshaingizwa Umoja wa Kisovieti. Makaburi yao, karibu 150, bado yapo Tengeru, na mengi ni ya watu waliozaliwa kwenye ardhi hiyohiyo ya katikati ninayoisema.

Ndiyo maana hoja ya damu siikubali. Leo Poland na Urusi zinapakana Kaliningrad tu, kipande cha Urusi kilichotengana na nchi yenyewe, kwenye mpaka wa kilomita 200 na ushee. Kwingine kote kuna Lithuania, Belarus na Ukraine, nchi zenye bendera zao. Wapolandi walipofungua milango kwa mamilioni ya Waukraine mwaka 2022, chuki dhidi ya Mrusi ilikuwemo, sikatai. Ila Poland na Ukraine nazo zina kesi yao nzito, ya Wapolandi waliouawa na wapiganaji wa Kiukraine kule Volhynia, magharibi mwa Ukraine, 1943, na kwa miaka mingi zimebishana kuhusu kufukua makaburi ya huko. Kama damu ndiyo inayoamua, mtueleze hawa wawili wamekuwaje upande mmoja.