Jibu: Jarida la kompyuta la BYTE lilikufaje ilhali wasomaji lilikuwa nao?

Mkuu, jibu fupi: liliuzwa. Wachapishaji wake, McGraw-Hill, waliliuza kwa kampuni nyingine ya majarida, CMP Media, mwaka 1998, na toleo la Julai mwaka huohuo likawa la mwisho kuchapishwa. Lilikuwa limeanza Septemba 1975. Kwa maoni yangu shida ilikuwa matangazo. Wauza PC walitaka majarida ya kulinganisha mashine na bei, si la kukueleza prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inavyofanya kazi ndani.

Nakala zangu nilizipata za mitumba, zinanuka vumbi, nikazisoma mpaka matangazo. Kilichoninasa ni majalada ya mchoraji Robert Tinney. Lile la Agosti 1981, puto la rangi likipaa, na ndani kurasa kwa kurasa za Smalltalk, lugha ya kuandikia programu. Nilielewa labda robo! Halafu saketi za kujiundia za Steve Ciarcia, mwandishi wao wa safu. Yeye aliondoka mapema, akaanzisha jarida lake, Circuit Cellar, mwaka 1988.

Za kwako usiziuze kwa wafunga maandazi. Mimi nilipohama nyumba nilimpa fundi redio wa mtaani zote, nikabaki na ya puto tu. Ipo juu ya kabati, bila jalada la nyuma.