Kabla hujalaumu madini, tengeneza kishikio cha hadubini

Mwaka wangu wa kwanza wa kusubu vichwa vya risasi nyumbani, niliharibu sufuria nzima ya madini mazuri. Nilikuwa nimeyeyusha vizito vya kubalansi tairi, vile vya zamani vya kubana kwenye rimu, ambavyo ugumu wake kwa kawaida hukaa karibu 12 kwenye kipimo cha Brinell. Nikapima, nikapata 10. Nikarudia, nikapata 10 na kidogo. Nikaona yamelegea, basi nikayaongezea madini ya linotaipu, yale yaliyokuwa yakisubiwa herufi za magazeti zamani, yenye asilimia 12 ya antimoni, metali inayoikaza risasi, na 4 ya bati. Siku hizi kuyapata ni kazi, na nilikuwa na vipande vichache tu. Vyote vikaingia sufuriani bure, kwa sababu madini yale hayakuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa kwenye hadubini ninayopimia upana wa kibonyeo: mkononi ilikuwa ikitetemeka, nami nilikuwa nasoma 70 mahali pa 64.

Nieleze kwanza maneno, maana lugha yetu imetuachia jina moja kwa vitu viwili: risasi ni madini, na risasi ndiyo inayotoka kwenye bunduki. Hapa nikisema risasi nina maana ya madini, na kile kinachoruka nitakiita kichwa. Pia niseme kwamba naandika nikiwa Minnesota, Marekani, ambako mtu kujisubia vichwa vya bunduki yake ya shabaha ni jambo halali na la kawaida. Uliko wewe, fuata sheria ya huko.

Upimaji wenyewe una misingi ya zamani. Mhandisi wa Uswidi, Johan August Brinell, aliuonyesha mwaka 1900: unakandamiza gololi ngumu juu ya metali kwa uzito unaojulikana, kisha unapima upana wa kibonyeo kilichobaki. Kibonyeo kikiwa kipana, metali ni laini. Seti niliyonayo ina gololi ya inchi 5/32, ambayo ni karibu milimita 4. Inafungwa kwenye presi ya kujazia maganda ya baruti, unakandamiza kwa ratili 60 na kushikilia kwa sekunde 30. Kabla ya hapo unapiga tupa ubavu wa kichwa upate uso bapa. Baada ya hapo unachukua hadubini ndogo kama kalamu nene, yenye kukuza mara 20 na mistari midogo ndani yake, unasoma upana kwa sehemu za elfu za inchi, kisha unatazama jedwali.

Tatizo liko kwenye kusoma. Kibonyeo cha elfu 60 kina upana wa milimita moja na nusu tu, na jedwali linakupa ugumu wa 14 na kidogo. Kikiwa elfu 62 unashuka hadi 13 na nusu, elfu 64 ni 12 na nusu. Kwa hiyo ukikosea elfu mbili umepoteza alama moja nzima ya ugumu. Sasa kumbuka kwamba kioo kinachokuza kibonyeo mara 20 kinakuza na mtetemo wa mkono mara 20. Mkono ukicheza nusu milimita, ndani ya hadubini unaona picha imeruka kama sentimita nzima. Hakuna jicho linaloweza kulinganisha kingo mbili na mistari wakati picha inaruka hivyo. Linachofanya ni kubahatisha, halafu wewe unaandika bahati hiyo daftarini kama kipimo.

Mimi nilishtuliwa na shemeji yangu alipokuja kututembelea. Nilimpa hadubini atazame kichwa kilekile nilichotoka kukisoma 64. Yeye akasema 58. Nikamwambia atazame vizuri. Akanijibu, "Shemeji, mimi sioni kitu kilichotulia hapa. Kila nikipumua kinakimbia." Elfu 58 ni ugumu wa 15 na zaidi, 64 ni 12 na nusu. Kichwa kimoja, meza moja, usiku mmoja. Nilikaa kimya nikikumbuka zile herufi zangu za linotaipu.

Kishikio cha kwanza kilikuwa kibanio cha nguo kilichogundishwa kwenye kipande cha mbao. Usihangaike nacho. Kinashika bomba kwa nukta mbili tu, na hadubini inayumba kama mlango usio na bawaba ya chini. Cha pili kilikuwa kipande cha bomba la plastiki la maji, nilichokata dirisha pembeni. Hicho kilikuwa na nafuu, lakini kichwa kilikaa mezani na bomba likakaa juu yake kivyake, kwa hiyo meza ikiguswa kila kimoja kilikwenda njia yake.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo marehemu baba, aliyekuwa seremala Tanga, alikuwa akilisema kuhusu kazi nyingine kabisa: kinachopimwa na kinachopima vikalie ubao mmoja. Kishikio changu cha tatu nimekitumia miaka sita, na ndicho ninachokushauri utengeneze.

Tafuta gogo dogo la mbao ngumu iliyokauka vizuri. Mimi nilitumia mwaloni, unene wa sentimita 5. Piga randa upande wa chini mpaka ukiuweka juu ya kioo usiyumbe hata kidogo. Toboa tundu la wima la kupitisha bomba la hadubini, na hapa nakusihi utumie drili ya kusimama, au umwombe mwenye nayo. Tundu likilala upande, utatazama kibonyeo kwa mshazari na duara litaonekana yai. Tundu liwe la kubana kidogo. Kisha pasua kwa msumeno mwembamba kutoka ubavuni mwa gogo hadi kwenye tundu, na upitishe skrubu yenye nati ya masikio kukatiza mpasuo huo. Ukikaza nati, mbao inalikumbatia bomba mzunguko mzima. Ukilegeza, unalipandisha au kulishusha mpaka picha iwe kali. Ndani ya tundu nimebandika ngozi nyembamba ili bomba lisichubuke.

Chini ya tundu chonga handaki la kupita upande hadi upande, pana kiasi cha kuingiza kile kitako chenye mfereji wa V kinachobeba kichwa. Usichukue vipimo vyangu. Pima kitako chako kikiwa na kichwa kinene kuliko vyote unavyosubu, halafu acha nafasi ndogo juu. Mwisho, gundisha gogo zima juu ya ubao mmoja wa chini.

Kilichobadilisha kila kitu ni skrubu ndogo ya meno ya karibu niliyoiingiza ubavuni mwa handaki, ikisukuma kitako, na rababendi upande wa pili ikikirudisha. Kwa kidole huwezi kusogeza kitu elfu mbili za inchi. Kwa skrubu unaweza, tena bila kushika pumzi. Unaleta ukingo wa kushoto wa kibonyeo kwenye mstari, unauacha hapo, unasoma ukingo wa kulia kwa utulivu.

Mwanga nao una neno. Taa ya juu hufuta kingo. Weka tochi ndogo chini, ikimulika kutoka ubavuni, na ukingo wa kibonyeo utajichora kama duara la kalamu. Soma mara mbili, mara ya pili ukiwa umekigeuza kichwa robo mzunguko. Masomo hayo mawili yakitofautiana sana, uso uliopiga tupa haukuwa sawa, kwa hiyo anza upya.

Utajuaje kwamba kishikio kinasema kweli? Chukua keekee ya inchi 1/16, pima shina lake kwa maikromita, kisha uliweke chini ya hadubini. Linapaswa kusomeka elfu 62 au 63. Halafu pima risasi tupu isiyochanganywa, ambayo ugumu wake ni 5: kibonyeo chake kikubwa hufika karibu elfu 98. Vikikubali vyote viwili, amini unachokiona. Na andika tarehe ya kusubu kwenye kila boksi, kwa sababu risasi yenye antimoni huendelea kukakamaa kwa majuma. Kipimo cha kesho yake na cha baada ya wiki mbili havitalingana, na hapo si kosa la kishikio.

Kuhusu unga wa tupa siwezi kunyamaza. Risasi ni sumu, na watoto ndio inaowaumiza zaidi. Usipulize vumbi lake kwa mdomo. Lifute kwa kitambaa chenye maji, na uoshe mikono kabla hujagusa chakula au mtoto. Mimi kishikio changu hakiingii ndani ya nyumba.

Kwa walio kwenye baridi kama huku: majira ya baridi, hewa ya ndani hukauka na mbao husinyaa, nati ikalegea yenyewe. Kila Novemba narudia ile keekee chini ya kioo kabla ya kupima kichwa chochote. Mwaka jana ilisoma 66. Nilikaza nati robo mzunguko, ikarudi 63.